Malisho ya Kenya na Somalia toka 1961: jinsi ya kulinganisha bila kudanganywa na mstari ulionyooka

Hii ilianzia barazani hapa Amu (Lamu), baada ya alasiri, kahawa tungu iko na halua kidogo, ami mmoja anayenunua ng'ombe huko bara, Witu, Hindi mpaka Ijara, akasema Somalia ina malisho kutushinda na itabaki hivo, mwengine akakataa, akasema Somalia yote ni mchanga mtupu, kelele zikapanda, na mimi kwa vile ndiye mwenye laptopu na kiherehere nikasema tulieni, kesho nawaletea takwimu. Nikaenda nyumbani nikashusha data nikachora grafu. Nilichopata ni mistari miwili iliyonyooka kama uzi wa fundi wa jahazi, Somalia juu Kenya chini, toka 1961 hadi juzi juzi, haipandi haishuki. Kesho yake nimerudi najiona. Ami akaichukua simu, akavaa miwani, akaangalia weee, alafu akaniuliza: "Mwanangu, hii Kenya yako ya kwenye simu haikupata ukame?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na hiyo kitu wiki mbili hivi, na haya ndio ninayoyajua sasa, nayaandika hatua kwa hatua kwa yeyote anayetaka kulinganisha malisho ya nchi mbili, iwe ni mwanafunzi ana asainmenti, iwe ni mtu wa chama cha wafugaji anaandika proposo, ama ni mtu tu kama mimi anayetaka kushinda ubishi.

Hatua ya 1: jua unauliza nini

Usifungue kompyuta kwanza. Chukua karatasi uandike swali lako, manake "nani ana malisho mengi" sio swali moja, ni maswali manne yamevaa kanzu moja. Kuna nani ana eneo kubwa kwa hekta. Kuna nchi gani sehemu yake kubwa zaidi ni malisho. Kuna kila mtu anapata kiasi gani. Na kuna kila mnyama anapata kiasi gani. Nchi inaweza kushinda kwa la kwanza na ikaanguka vibaya kwa la nne. Barazani kwetu kila mmoja alikuwa anajibu swali lake na kumkasirikia mwenzake kwa kujibu la kwake, ndio mabaraza yalivyo.

Hatua ya 2: elewa hilo neno "malisho ya kudumu" linabeba nini

Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ndilo linaloweka hizi takwimu za nchi zote, na wao wanasema malisho ya kudumu ni ardhi inayotumika kwa miaka 5 au zaidi kuotesha majani ya kulisha wanyama, yawe yamepandwa ama yameota yenyewe porini. Sasa hebu itazame hiyo kwa macho ya mtu wa huku. Ng'ombe wa Waorma kiangazi wanateremka delta ya Tana kwa sababu kule maji yakishuka majani yanabaki, hiyo sawa, inaingia kwenye hesabu. Lakini ng'ombe anayeingizwa msituni upande wa Boni wakati wa shida, pale pameandikwa msitu, kwa hivo majani aliyokula hayamo. Shamba la mahindi Mpeketoni likishavunwa mifugo ikaachiliwa ile mabua, hiyo ni ardhi ya kilimo, haimo pia. Alafu kichaka. Kichaka kinene wapi kinaacha kuwa malisho kinakuwa msitu? Kila nchi inaamua kivyake inapojaza fomu, na nchi mbili jirani zenye kichaka kile kile kimoja kinachovuka mpaka zinaweza kukiandika majina mawili.

Nasema haya mapema ili ujue: unachokilinganisha ni jinsi nchi mbili zilivyoandika ardhi yao. Mara nyingi hiyo iko karibu na ardhi yenyewe. Mara nyengine iko mbali.

Hatua ya 3: shusha data

Ingia fao.org/faostat, nenda sehemu ya data, tafuta kundi la matumizi ya ardhi, kwenye menyu limeandikwa Land Use. Chagua nchi zako mbili. Kwenye kipimo chagua eneo. Kwenye aina ya ardhi tafuta "Land under permanent meadows and pastures", namba yake ya utambulisho ni 6655, na ukiwa hapo hapo chagua pia ile ya eneo la nchi kavu, namba 6601, utaihitaji baadaye. Miaka chagua yote, inaanza 1961. Kabla hujashusha hakikisha umeweka alama za data zionekane, ziko kwa machaguo ya pembeni, watu wengi huziondoa wakiona ni herufi zisizo na maana na hapo ndipo wanapojimaliza. Shusha kama CSV, yaani faili ya jedwali inayofunguka kwenye Excel. Faili yenyewe ni ndogo, nchi mbili na miaka sitini hivi, haili bando hata kidogo, simu inatosha, mimi nilitumia laptopu kwa sababu macho yangu si ya jana.

Andika tarehe uliyoshusha kwenye jina la faili. FAO wanarekebisha namba hata za miaka ya nyuma, kwa hivo mtu akishusha mwakani akapata tofauti na yako msije mkaitana waongo.

Hatua ya 4: kipimo, kipimo, kipimo

Hapa ndipo nilipochemsha mara ya kwanza kabisa kabla hata ya hiyo aibu ya ukame. Kenya utaona imeandikwa 21,300 na Somalia 43,000. Mimi kwa haraka nikasoma hekta 21,300. Namshukuru Mungu nilikuwa peke yangu. Ukiangalia safu ya kipimo inasema ni maelfu ya hekta, yaani Kenya ni hekta milioni 21.3 na Somalia ni hekta milioni 43.

Namna ya kujikamata ukikosea ni kuwa na namba moja ya kwenu unayoijua. Ranchi ya Galana-Kulalu hapo juu ya Malindi hutajwa kuwa kama ekari milioni 1.75, ambayo ni hekta laki 7 na kidogo. Sasa kama Kenya nzima ingekuwa na malisho ya hekta 21,300, Galana peke yake ingeizidi Kenya nzima zaidi ya mara 30. Haiwezekani, basi kuna sufuri umezila.

Kugeuza: hekta 1 ni ekari 2.471, na kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Kwa hivo malisho ya Kenya ni kilomita za mraba 213,000, au ekari kama milioni 52.6, na ya Somalia ni kilomita za mraba 430,000, ekari kama milioni 106. Ukizungumza na wazee tumia ekari, hekta haziwaingii.

Hatua ya 5: chora, alafu usiuamini mchoro

Weka miaka chini, hekta upande, mistari miwili. Utapata kile nilichopata mimi: kimya. Kenya 21,300 mwaka hadi mwaka, Somalia 43,000 mwaka hadi mwaka.

Sasa tulia hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo. Mtu mwenye haraka ataandika "malisho ya Kenya hayajabadilika kwa zaidi ya nusu karne" na ataona amemaliza. Lakini fikiria yaliyopita katika hiyo miaka. Mwaka 1968 Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, Umasaini ardhi ikaandikwa kwa vikundi, baadaye vikundi vikagawana, mtu na kipande chake na ua wake. Hapa kwetu miaka ya 1970 serikali ikaweka skimu ya makazi Mpeketoni, pori likawa mashamba. Miji imekua, mabarabara yamepita, ukame umekuja na kurudi. Upande wa Somalia serikali ilianguka Januari 1991 na nchi ikaingia vitani, na hebu niambie ni ofisa gani alikuwa anazunguka na kamba kupima majani mwaka 1992? Na bado namba inasoma 43,000 vile vile, kana kwamba kuna karani amekaa Mogadishu anaijaza kila Desemba.

Yaani mstari ulionyooka hivo hausemi ardhi imekaa pale pale. Unasema namba ndiyo iliyokaa pale pale. Kuna siku mtu alikadiria, ikaandikwa, na kwa kukosa mpya ikaendelea kubebwa mwaka hadi mwaka kama deni la dukani.

Namna ya kuhakikisha ziko tatu. Ya kwanza ni zile herufi nilizokwambia usiziondoe. A ni namba rasmi, E ni makadirio, I ni ya kujazwa kwa hesabu pale pasipo na ripoti, X imetoka shirika jengine la kimataifa. Pita mstari kwa mstari uhesabu ni miaka mingapi ina A na mingapi ina E au I, na uandike hiyo hesabu kwenye ripoti yako, usiifiche. Na hata A isikulevye, serikali pia inaweza kutuma namba ya zamani na ikaitwa rasmi. Ya pili angalia kama namba ni za mviringo. Ardhi ya kweli ikipimwa haitoki na masufuri mengi hivo, 43,000 kamili ni namba ya mtu aliyekadiria. Ya tatu, ambayo naipenda zaidi, ongeza nchi ya tatu yenye sensa au uchunguzi wa kilimo kila mwaka, kama Uholanzi au Uingereza, sio ya kulinganisha nayo, ya kupimia macho tu. Utaona mstari wao unatikisika, unapanda kidogo unashuka kidogo, ni nadra mwaka kufanana na mwenzake. Hivo ndivyo ardhi inayopimwa inavyoonekana. Ukirudi kwenye mistari yetu miwili utaelewa bila kuambiwa.

Mtego mwengine: mtu akiona FAO inasema 43,000 anaenda kwa Benki ya Dunia ama kwa zile tovuti za grafu nzuri nzuri, anakuta zinaelekea pale pale, anasema aah, imethibitika. Haijathibitika kitu. Wote hao wamechukua kwa FAO. Ni kama habari ya mjini, umeisikia Langoni, umeisikia Mkomani, umeisikia sokoni, kumbe wote wamemsikia mtu mmoja.

Hatua ya 6: gawa kwa kitu kinachotembea

Sasa je, data ni ya kutupa? La. Namba ya eneo hata kama ni makadirio inatoa ukubwa wa jumla, na ukiigawa kwa kitu ambacho kimehesabiwa kweli unaanza kupata habari.

Kwanza asilimia ya nchi. Gawa kwa nchi kavu, sio kwa eneo lote la nchi, manake eneo lote lina maziwa ndani na ng'ombe halishi Ziwa Turkana. Kenya nchi kavu ni hekta 56,914 elfu, Somalia 62,734 elfu. Kwenye Excel, kama namba ya malisho iko C2, ni =C2/56914*100 kwa Kenya, ukivuta chini basi. Kenya inatoka asilimia 37.4, Somalia asilimia 68.5. Hapo ami wa kwanza ashashinda, kwa eneo na kwa sehemu ya nchi.

Alafu watu. Kenya ina sensa kila miaka 10 kwa hivo hapa tuna mguu wa kusimamia. Mwaka 1969 watu walikuwa milioni 10.9, kila mmoja fungu lake la malisho hekta 1.95. Mwaka 1979 watu milioni 15.3, fungu hekta 1.39. Mwaka 1989 milioni 21.4, hapo ni hekta moja kwa kila mtu karibu kabisa. Mwaka 1999 milioni 28.7, hekta 0.74. Mwaka 2009 milioni 38.6, hekta 0.55. Mwaka 2019 milioni 47.6, hekta 0.45. Chora hiyo. Ule mstari uliokuwa umelala sasa unateremka kama ngazi ya jeti, na kila kipande cha kuteremka kimetokana na watu waliohesabiwa, sio makadirio ya majani. Na kama malisho yenyewe nayo yamepungua, ambayo mimi naamini, basi hali ni mbaya kuliko hiyo.

Somalia usijaribu kufanya hivo hivo mwaka kwa mwaka. Sensa zao ni za 1975 na ile ya 1986 na 1987, baada ya hapo vita. Kuna uchunguzi wa idadi ya watu wa mwaka 2014 uliotoa watu milioni 12.3, kwa hivo fungu linatoka kama hekta 3.5 kwa mtu, zaidi ya mara 6 ya Kenya ya 2009. Lakini andika wazi kwamba ni nukta moja. Usichukue nukta moja ukaichorea mstari.

Wanyama sasa. Huwezi kuhesabu mbuzi na ngamia kama kitu kimoja, kwa hivo wataalamu wanatumia kipimo cha mnyama wa kilo 250: ngamia 1, ng'ombe 0.7, mbuzi au kondoo 0.1. Sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta ng'ombe milioni 17.5, mbuzi milioni 27.7, kondoo milioni 17.1, ngamia kama milioni 3. Ukizidisha unapata vipimo kama milioni 19.7, ukigawa hekta milioni 21.3 ni hekta 1 na kidogo kwa kila kipimo. Inavutia lakini mimi siitumii sana, kwa sababu ng'ombe wengi wa maziwa wa huko bara juu wako bandani wanaletewa majani ya nepia yaliyokatwa, hawajawahi kuona nyanda za Tana, na hapa tumewagawia malisho ya Garissa bila wao kujua.

Hatua ya 7: angalia kama nchi ni ile ile

Kenya na Somalia huna shida hii, ila wengi watataka kulinganisha na Ethiopia au Sudan. Ethiopia ya kabla ya 1993 ilikuwa na Eritrea ndani yake, FAOSTAT inaziweka kama nchi mbili tofauti zenye majina tofauti. Sudan kadhalika, Sudan Kusini ilijitenga Julai 2011. Ukiunganisha bila kujua utaona malisho yameporomoka ghafla na utaanza kulaumu jangwa, kumbe ni mpaka ndio uliosogea. Kila ukiona ngazi ya ghafla mwaka mmoja, uliza kwanza karatasi, alafu ndio uulize mvua.

Hatua ya 8: tafuta shahidi asiyejuana na FAO

Huyo ni setilaiti. Landsat iko angani toka 1972, shirika la anga la Ulaya lina ramani za kila mwaka za aina ya ardhi kuanzia 1992, na kama hayo ni makubwa kwako fungua Google Earth tu, rudisha miaka nyuma, utazame Witu na Hindi zilivyokuwa na zilivyo. Fanya hivo kwa mahali unapopajua kwa miguu, usianze na nchi nzima.

Mambo mawili ya kuchunga. Moja, linganisha mwezi na mwezi wake, Mei na Mei, manake picha ya masika ya mwaka huu na ya kiangazi ya mwaka jana zitakuambia jangwa limegeuka pepo. Pili, setilaiti inaona kijani, haioni malisho. Mathenge, ule mti wa miiba, ililetwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, leo imejaa mto Tana kuanzia Bura, kutoka juu ni kijani kizuri kabisa, setilaiti imefurahi na ng'ombe analala na njaa. Watu wa Baringo walifika kumpeleka mbuzi asiye na meno kotini Nairobi kuonyesha mathenge imemfanya nini. Kwenye 21,300 ya FAO huyo mbuzi hayumo.

Kwa hivo setilaiti peke yake haitoshi, mtafute mchungaji umuulize. Uliza maswali ya kuhesabika: zamani mlikuwa mnakaa hapa miezi mingapi kabla ya kuhama, sasa miezi mingapi? Majani gani yamepotea, yataje majina. Usiulize "hali imebadilika?" kila mtu atakujibu ndio.

Hatua ya 9: andika sentensi zinazobeba uzito wake tu

Unaweza kuandika: kwa takwimu za FAO malisho ya Somalia ni kama mara 2 ya Kenya kwa eneo. Unaweza kuandika: malisho ni zaidi ya theluthi ya nchi kavu ya Kenya na zaidi ya theluthi mbili ya Somalia. Unaweza kuandika: fungu la Mkenya limeshuka kutoka karibu hekta 2 mwaka 1969 hadi chini ya nusu hekta mwaka 2019, ikichukuliwa eneo halikubadilika. Hicho kipande cha mwisho usikikate hata mwalimu akisema sentensi ni ndefu.

Usiandike malisho hayajapungua. Usiandike pia yamepungua kwa asilimia fulani kwa kutumia data hii, haiko humo. Na grafu ya mistari miwili iliyonyooka kama lazima uiweke, weka nukta zenye A kwa rangi moja na zenye E na I kwa rangi nyengine, mtu akiitupia jicho tu aone ni wapi palipimwa na wapi palipobebwa.

Mimi nilirudi barazani na ile ya kuteremka, ya kila mtu na fungu lake. Ami akaitazama, akauliza 1989 ni mwaka gani kwa matukio, nikamwambia, akasema ee, wakati ule ng'ombe walikuwa hawapiti Ijara kwenda mbali. Yule wa mchanga mtupu mpaka leo hajakubali, anasema hekta za Somalia ni za miiba, na kusema kweli kwa data hii siwezi kumpinga, kwani hekta ya delta ya Tana na hekta ya miiba zote zimeandikwa 1.